Mzani Unaoruka Kilo Tatu: Kutafuta Makosa ya Kugombania Data na Mpangilio wa Ukokotoaji

Mwongozo huu unahusu mizani midogo ya kielektroniki ambayo mafundi huunda wenyewe kwa ajili ya wauza dagaa na sangara: seli ya uzito chini ya bamba, chipu ya HX711 inayoisoma seli hiyo, bodi yenye prosesa ya ATmega328P au ESP32, kioo, na pengine moduli ya laini ya simu ya kutuma jumla kwa tajiri. Mzani wa namna hii ukianza kusema uongo, lawama ya kwanza huangukia seli, ya pili nyaya, ya tatu unyevu wa ziwa. Mara nyingi lawama hizo ni za haki. Hapa nazungumzia siku ile umebadilisha seli, umechomelea nyaya upya, na mzani bado unaruka.

Wakati huo mtuhumiwa ni msimbo, na ndani yake kuna watuhumiwa wawili wanaofanana sura. Mmoja ni kugombania data: sehemu mbili za programu zinagusa mahali pamoja kwenye kumbukumbu, angalau moja inaandika, na hakuna aliyepanga ipi itangulie. Mwingine ni mpangilio wa ukokotoaji: sentensi moja ya lugha ya C ina kazi mbili au tatu ndani yake, na wewe umedhani zitafanyika kushoto kwenda kulia. Dawa zao ni tofauti kabisa, na ukimtibu mmoja kwa dawa ya mwenzake utapoteza wiki.

Anza kwa kufunga data inayoingia

Usiguse msimbo mwingine kabla ya jaribio hili. Lina hatua mbili.

Hatua ya kwanza, chomoa HX711, na pale programu inapopokea baiti tatu kutoka kwenye chipu, ipe baiti tatu unazozijua: 0x12, 0x34, 0x56 (0x ni alama ya namba za msingi wa 16), zilezile kila mara. Matokeo sahihi ni 0x123456. Ukipata kitu kingine, na ni kilekile kila unapowasha, shida ni mpangilio wa ukokotoaji. Mpangilio huo huamuliwa na kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za chipu, siku unapotengeneza programu, kisha unagandishwa ndani ya chipu. Hauna sababu ya kubadilika kati ya asubuhi na jioni.

Hatua ya pili, fanya interapti ya taima (kipande kifupi cha msimbo kinachoikatiza programu taima inapoita) iandike namba mbili kwa zamu, 0x0FFFFF na 0x100000, haraka iwezekanavyo, huku lupu kuu, ile sehemu ya programu inayojirudia, ikisoma. Hesabu kila namba inayosomwa ambayo si mojawapo ya hizo mbili. Ikitokea hata moja, unagombania data. Usiridhike na hatua ya kwanza peke yake: interapti ikiandika namba ileile juu ya namba ileile, hata msomaji aliyeingiliwa katikati atasoma vizuri, na kosa litajificha.

Hatua zote mbili zikipita, tatizo liko kwenye namna unavyoongea na chipu yenyewe, au kweli ni nyaya.

Dalili: uzito unaruka kilo tatu na kidogo, kisha unarudi

Mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, hatakuambia kwamba usomaji umekatika katikati. Atakuambia, "Mwanangu, mzani wako unaniibia. Gunia lilelile nimelipandisha mara mbili, kilo tatu zimeyeyuka." Badala ya kujitetea, muulize: "Mama, ni tatu kamili au tatu na kitu?" Jibu lake lina thamani kuliko nusu siku ya kupima nyaya.

Chukua seli ya kilo 200 inayotoa milivolti 2 kwa kila volti, ikilishwa volti 5. Ikibebeshwa mzigo wake wote itatoa milivolti 10. HX711 ikiwa kwenye ukuzaji wa 128 na umeme huohuo wa volti 5 hupima hadi milivolti 20 upande wa chanya, na upande huo una hatua 8,388,608 za kuhesabia. Kwa hiyo kilo 200 ni kama hatua 4,194,304. Gawanya: hatua 65,536 ni kilo 3.125. Namba 65,536 ni ujazo wa baiti mbili. Mruko unaolingana na ujazo wa baiti si tabia ya waya uliolegea. Waya uliolegea haujui hesabu za mbili mbili.

Msimbo huwa hivi:

```
volatile int32_t uzito_ghafi;   // interapti inaandika

int32_t u = uzito_ghafi;        // lupu kuu inasoma
```

Mstari wa pili unaonekana kama tendo moja. ATmega328P ni prosesa ya biti 8, kwa hiyo baiti nne huchukuliwa moja baada ya nyingine, na interapti inaweza kuingia baada ya yoyote kati yake. Ni kama ubao wa bei sokoni: karani anabadilisha 2,999 kuwa 3,000 kwa kufuta tarakimu moja moja, na mteja anautazama wakati ya kwanza tu imeshabadilishwa. Anasoma 3,999, bei ambayo haijawahi kuwepo.

Kwenye mzani, namba inapanda kutoka 0x0FFFFF kwenda 0x100000. Kompaila ya avr-gcc kwa kawaida huchukua baiti ya chini kwanza. Lupu imechukua FF na FF, interapti ikaingia na kuandika namba mpya, lupu ikaendelea na 10. Imepata 0x10FFFF, yaani kilo tatu na gramu mia na kitu juu ya ukweli. Uzito ukiwa unashuka, kosa huangukia upande wa pili na mzani unapunguza. Interapti ikiingia baada ya baiti moja tu, kosa ni hatua 255, kama gramu 12 hivi, na hakuna mtu anayeliona.

Zingatia pia kwamba kosa hujitokeza pale tu uzito unapotetemeka kwenye mpaka wa 65,536, na mipaka hiyo imepishana kwa kilo 3.125. Ndiyo maana mzani unaweza kutulia kwenye gunia la kilo 40 na kuruka kwenye la kilo 42. Fundi akiona hivyo anasema seli ina kovu mahali fulani, anaibadilisha. Seli mpya ina sifuri yake tofauti kidogo, mipaka inahama, kosa linahamia uzito mwingine, na kila mtu anadhani limepona.

Dawa:

```
#include <util/atomic.h>

int32_t u;
ATOMIC_BLOCK(ATOMIC_RESTORESTATE) {
    u = uzito_ghafi;
}
```

Hii inazuia interapti kwa muda wa kunakili tu. Kila baiti inachukua mizunguko miwili ya saa, hivyo baiti nne ni mizunguko minane, na kwa megahezi 16 huo ni muda wa nusu maikrosekunde. Usiweke kazi ya kuandika kwenye kioo ndani ya mabano hayo. Usitumie pia `cli()` na `sei()`, amri za kuzima na kuwasha interapti, kavukavu: kama fankisheni yako imeitwa mahali ambapo interapti zilikuwa tayari zimezimwa kwa makusudi, `sei()` itaziwasha bila ruhusa ya aliyezizima.

Na neno `volatile`? Lipo tayari kwenye msimbo wenye kosa hapo juu. Linaiambia kompaila isome kumbukumbu kila mara bila kukariri thamani ya zamani. Haliifanyi baiti nne kuwa moja.

Dalili: kioo kinacheza ovyo tangu ulipobadilisha bodi au toleo la kompaila

Hapa ndipo watu wengi hudanganywa, kwa sababu kosa la mpangilio likiunganishwa na seli hai linaonekana la kubahatisha. Angalia mstari huu:

```
uint32_t g = ((uint32_t)soma_baiti() << 16)
           | ((uint32_t)soma_baiti() << 8)
           |  soma_baiti();
```

HX711 hutoa biti ya juu kabisa kwanza. Mwandishi ametarajia mwito wa kwanza kushoto ndio utakaopata baiti ya juu. Lugha ya C haikuahidi hivyo. Mabano na vipaumbele vya alama hueleza nini kinaunganishwa na nini. Havisemi nani anaitwa kwanza. Kompaila inaweza kuanza na mwito wa kulia kabisa, na itakuwa haijavunja sheria yoyote.

Ikianza kulia, baiti ya chini ya seli, ile yenye kutetemeka kila mara, inakaa juu kabisa ya namba. Mtetemo mdogo usiofika hata gramu unageuka kuwa mamia ya kilo. Ukitazama kioo utaapa kwamba kuna kelele ya umeme au interapti inaharibu. Lakini kwenye hatua ya kwanza ya jaribio utapata 0x563412, kwa utulivu, kila mara. Kesi imekwisha.

Dawa ni kuvunja sentensi:

```
uint32_t a = soma_baiti();
uint32_t b = soma_baiti();
uint32_t c = soma_baiti();
uint32_t g = (a << 16) | (b << 8) | c;
```

Kila nukta-mkato ni kituo: kilicho kabla yake kimemalizika. Hivi vigeu vitatu havikugharimu kitu, maana kompaila itaviweka kwenye rejista. Na kwa kuwa a ni ya biti 32, umeepuka shimo jingine: kwenye AVR, familia ya ATmega328P, `int` ina biti 16 tu, na kusogeza baiti nafasi 16 bila kuipanua kwanza ni tendo ambalo lugha haijalipa maana.

Ugonjwa huohuo unakaa kwenye kuchapisha: `snprintf(bafa, n, "%ld %d", soma_uzito(), soma_betri())`. Mikato kati ya hoja za fankisheni haipangi foleni. Kwenye kompyuta za kawaida za x86, kompaila ya GCC mara nyingi huanza na hoja ya kulia, na ile ya Clang huanza na ya kushoto. Unaweza kujaribu msimbo wako kwenye kompyuta kwa Clang, ukapita, kisha ukaangukia pua kwenye bodi. Panapoaminika ni kwenye `&&`, `||`, na `?:`, ambazo kwa kanuni huanza kushoto.

Kuna aina mbaya zaidi, `bafa[i] = i++`. Hiyo katika C si suala la nani aanze. Haina maana kabisa, na kompaila ina uhuru wa kufanya lolote. Uzuri ni kwamba ukitumia `-Wall`, GCC itakuonya. Mstari wa baiti tatu hauonywi, kwa sababu kisheria ni halali, ila tu haujasema unachodhani umesema. C++17 ilipanga baadhi ya mambo, kama upande wa kulia wa alama ya kupachika (`=`) kutangulia, lakini haikugusa `|`, na hoja za fankisheni bado zinaweza kukokotolewa kwa mpangilio wowote.

Dalili: uzito unaharibika ujumbe wa simu unapoingia

Hatua zote mbili zimepita, lakini kila moduli ya simu inapopokea kitu, mzani unatoa namba ya ajabu au unaganda kwa karibu nusu sekunde. Tazama waya wa saa wa HX711. Chipu hiyo ina kanuni: waya wa saa ukikaa juu zaidi ya maikrosekunde 60, inalala. Ukishuka tena inaanza upya, na kwa kasi ya sampuli 10 kwa sekunde inahitaji milisekunde 400 kutulia.

Sasa, kama moduli ya simu imeunganishwa kwa SoftwareSerial ya Arduino, maktaba inayofanya mawasiliano kwa programu badala ya maunzi, upokeaji wa baiti moja hufanyika ndani ya interapti. Kwa kasi ya 9600, baiti na biti zake za kuanza na kumaliza ni biti 10, zaidi kidogo ya milisekunde moja. Interapti hiyo ikiingia wakati umepandisha waya wa saa, chipu imelala kabla hujarudi.

Hapa hakuna kumbukumbu inayogombaniwa. Kinachogombaniwa ni muda, na `ATOMIC_BLOCK` ya juu haikusaidii. Zima interapti kwa ule muda tu waya wa saa uko juu, ambao ni maikrosekunde chache, kisha ziruhusu waya ukiwa chini. Ukizizima kwa biti zote 24 utaokoa mzani na kuanza kupoteza herufi za ujumbe. Bora zaidi, hamishia moduli ya simu kwenye mawasiliano ya maunzi. ATmega328P inayo moja, na sioni kwa nini itumike kuchapishia vijimaneno vya majaribio wakati simu inahangaika.

Kosa la aina hii hufuata wingi wa kazi, na ziwani wingi wa kazi hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na usiku wa giza ndio wenye samaki. Siku za mbalamwezi mzani unapumzika. Nimeona mzani ukipelekwa kwa fundi wakati wa mbalamwezi, ukapimwa siku nzima bila dosari, ukarudishwa na jina jema, giza likaingia ukaanza tena. Mashine ya mionzi ya Therac-25, iliyoumiza na kuua wagonjwa kati ya 1985 na 1987 huko Marekani na Kanada, ilikuwa na kosa mojawapo la jamaa hii: lilijitokeza pale tu mwendeshaji mzoefu alipohariri maelekezo upesi. Waliojaribu polepole hawakuliona. Kwa hiyo usipime mzani kwa mwendo wa fundi. Upime kwa mwendo wa mpakuzi mwenye mitumbwi minne inayosubiri.

Dalili: ukiongeza mstari wa kuchapisha, kosa linapona

Halijaponywa. Umebadilisha muda, na pengine umeizuia kompaila kukariri. Ondoa mstari huo na uangalie vitu viwili.

Kwanza, je, programu inaganda ikitengenezwa kwa `-Os` (kompaila ikiboresha msimbo) lakini inatembea kwa `-O0` (bila kuboresha)? Tafuta kitu kama `while (!tayari) {}` ambapo `tayari` huwekwa na interapti na haina `volatile`. Kompaila imesoma mara moja, ikaona hakuna anayeibadilisha ndani ya lupu, ikaacha kuisoma.

Pili, je, bendera ina `volatile` lakini data yake haina? Ukiandika bafa kisha ukainua bendera, kompaila inaruhusiwa kuinua bendera kwanza, kwa sababu `volatile` hupangwa na `volatile` mwenzake tu. Kwenye prosesa ya kiini kimoja kama AVR kizuizi cha kompaila kinatosha. Kwenye ESP32 yenye viini viwili hakitoshi; tumia `stdatomic.h`, iliyokuja na C11, uandike bendera kwa `memory_order_release` na kuisoma kwa `memory_order_acquire`.

Ukihitaji kuona bila kuvuruga, inua pini moja ya bodi unapoingia sehemu unayoitilia shaka, ishushe unapotoka, na uisome kwa kichambuzi cha mawimbi. Kuinua pini ni amri moja au mbili. Kuchapisha ni maelfu. Au fanya kinyume: ongeza ucheleweshaji wa makusudi katikati ya sehemu hiyo. Kosa lililokuwa likitokea mara moja kwa siku litaanza kutokea kila dakika, na hapo umelishika.

Dalili: jumla ya siku ni ndogo kuliko risiti

Hii ni ya ESP32, ambako kazi mbili zinakwenda kwa wakati mmoja kwelikweli. `jumla += uzito` ni kusoma, kuongeza, na kuandika. Viini viwili vikisoma jumla ileile, kila kimoja kikaongeza chake na kuandika, gunia moja limefutika. Jumla hupungua bila kuzidi, na kiasi kinachopungua ni sawasawa na gunia moja au mawili kwenye orodha ya risiti. Ukiliona gunia lenyewe, huna haja ya ushahidi mwingine.

Kuzima interapti hakutoshi, kwa sababu kunazima za kiini chako tu. `portENTER_CRITICAL` na kufuli lake hufanya kazi. Mimi hupendelea kuiondoa fujo yenyewe: kazi moja tu ndiyo mmiliki wa `jumla`, wengine wote wanampelekea uzito kwa foleni, kupitia `xQueueSend`. Kufuli likisahauliwa mahali pamoja, kosa linarudi kimya kimya; foleni ikisahauliwa, gunia halifiki na unaliona mara moja.

Sehemu ya hesabu isiyogusa maunzi inaweza kujaribiwa kwenye kompyuta kwa `-fsanitize=thread`, iliyomo ndani ya GCC na Clang. Programu itakwenda polepole mara 5 hadi 15, lakini itakutajia mstari na nyuzi, yaani kazi zinazokwenda sambamba, zinazogombana. Haisaidii kwenye AVR.

Dalili: baada ya umeme kukatika, rekodi ya mwisho ni takataka

Fupi: umeme nao ni mshindani. Kuandika baiti moja kwenye EEPROM ya ATmega328P, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, huchukua zaidi ya milisekunde 3, kwa hiyo rekodi ya baiti 16 iko wazi kwa karibu milisekunde 50 au zaidi. Andika rekodi yote kwanza, kisha baiti ya uhakiki, na mwisho kabisa alama ya kwamba ni kamili. Wakati wa kuwasha, rekodi isiyo na alama hiyo ichukuliwe kama haipo.

Baada ya marekebisho, acha hatua ya pili ya jaribio ikimbie usiku kucha huku moduli ya simu ikipokea ujumbe mfululizo, na hesabu ya namba za kigeni ibaki sifuri. Kisha panga mawe ya kupimia kilo kwa kilo, ukivuka mipaka kadhaa ya 3.125 kwenda juu na kushuka. Mzani wa biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, kwa hiyo ukibadilisha msimbo upeleke ukakaguliwe kabla haujarudi Mwaloni.